Kabla hujalipia tangazo redioni, ijue kompyuta inayolipanga

MFUGAJI anayetotolesha vifaranga hana muda wa kupoteza. Yai la kuku huanguliwa baada ya siku 21, na kifaranga akishatoka anaweza kuishi siku mbili hadi tatu tu kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni mwake. Baada ya hapo anahitaji chakula na chanjo, na kila siku anayoendelea kukaa kwa mwenye mashine ni hasara juu ya hasara.

Ndiyo maana watu wa biashara kama hii, pamoja na wauza mbegu, wenye maduka ya pembejeo na wanunuzi wa mazao, hukimbilia redio. Redio humfikia mkulima akiwa shambani, huingia kwenye simu ya mkononi na husikika hata na asiyejua kusoma.

Hebu tuchukue mfano. Mfugaji anatarajia vifaranga 500 siku ya Jumatano. Anakwenda kwenye kituo cha redio cha wilayani kwake na kuagiza tangazo la sekunde 30, mara sita kwa siku, kwa siku 10. Tuseme kila tangazo ni Sh10,000. Analipa Sh600,000. Anapoulizwa saa anazotaka, anajibu kwamba zaidi anataka “saa moja na saa mbili,” wakati watu wametulia nyumbani.

Jumatano inafika, simu hailii. Vifaranga wanakula, yeye anahesabu. Anaamua kuwauza kwa bei ya kutupa. Wiki moja baadaye, banda likiwa tupu, simu zinaanza kuita mfululizo: “Bado unao vifaranga?”

Mfugaji huyo atakwenda kumlaumu mtangazaji. Lakini katika vituo vingi siku hizi, mtangazaji si anayeamua tangazo lipi lisikike saa ngapi. Kazi hiyo hufanywa na programu ya kompyuta. Na kompyuta haijui kubahatisha wala haiwezi kusoma mawazo ya mteja. Hufanya kile tu kilichoandikwa. Kwa hiyo mfanyabiashara anayejua inavyofanya kazi ana nafasi kubwa zaidi ya kupata thamani ya fedha yake.

Kutoka kwenye kaseti hadi kwenye kompyuta

Zamani kila tangazo lilikuwa na mkanda wake. Mwaka 1959 nchini Marekani ilianza kuuzwa mashine ya studio iliyotumia kaseti maalumu yenye mkanda wa kuzunguka. Tangazo likiisha, mkanda uliendelea kuzunguka hadi mwanzo na kusimama hapo, tayari kwa mara nyingine. Mtangazaji alikuwa na rafu iliyojaa kaseti hizo na karatasi ya ratiba mbele yake. Akishacheza tangazo, aliandika saa na kuweka alama ya vema kwa kalamu.

Kwa Tanzania Bara, miaka mingi redio ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa vituo binafsi, na Radio One ikaanza kusikika mwaka 1994. Baada ya hapo vituo viliongezeka mijini na wilayani, na kompyuta nayo ikaingia studio. Rafu ya kaseti ikageuka kuwa mafaili, na karatasi ya ratiba ikageuka kuwa orodha kwenye kioo cha kompyuta.

Ndiyo maana leo kituo kidogo kinaweza kurusha matangazo usiku kucha bila mtu studio. Muziki unapiga, tangazo linaingia, kibwagizo cha kituo kinasikika, taarifa ya habari inaunganishwa, na mlinzi yuko peke yake getini.

Tangazo lako linapita wapi?

Kuna hatua mbili ambazo mteja anapaswa kuzijua.

Hatua ya kwanza ni oda. Karani au ofisa masoko huingiza kwenye kompyuta jina la mteja, urefu wa tangazo, tarehe ya kuanza na ya kumalizia, siku za wiki, saa zinazotakiwa na idadi ya mara kwa siku. Hapo ndipo fedha yako inapogeuka kuwa mistari ya ratiba.

Hatua ya pili ni urushaji. Programu iliyoko studio huchukua ratiba ile na kuichanganya na muziki na vipindi, ikatoa orodha moja ya siku nzima, kuanzia saa 6 usiku hadi saa 6 usiku inayofuata. Kinachosikika hewani kinafuata orodha hiyo, mstari kwa mstari.

Programu za namna hii ni nyingi, nyingine za kununuliwa na nyingine za bure. Mojawapo ni Rivendell, programu huria iliyoanza kutengenezwa nchini Marekani mwaka 2002, ambayo kituo chochote kinaweza kuitumia bila kulipia leseni. Tuitumie kama mfano, maana inaonyesha wazi jinsi mambo yanavyokwenda.

Katika Rivendell kila tangazo hupewa namba, mfano 020145, kama jalada la ofisini. Ndani ya jalada hilo zinaweza kuwekwa sauti zaidi ya moja. Muuza mbegu anaweza kuwa na sauti ya mahindi na nyingine ya alizeti, zikapokezana kila jalada linapoitwa. Kila sauti inaweza kuwekewa tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, siku za wiki na saa inazoruhusiwa kusikika. Tarehe ya mwisho ikipita, kompyuta haiichezi tena, hata kama kuna mtu ameisahau kwenye ratiba.

Kisha kuna mpango wa saa. Meneja wa vipindi huchora saa moja inavyokwenda: habari dakika ya kwanza, muziki, mapumziko ya matangazo ya biashara dakika ya 15, muziki tena, mapumziko mengine dakika ya 40, na kadhalika. Wiki ina saa 168, na kila moja hupewa mpango wake. Matangazo yako yataingia kwenye mapumziko hayo tu. Ikiwa saa uliyoitaka ina mapumziko mawili ya dakika mbili kila moja, basi saa nzima ina nafasi nane tu za sekunde 30. Zikijaa, zimejaa. Mteja wa tisa atasogezwa saa nyingine au ataachwa.

Hapa pana swali la kwanza la kumuuliza ofisa masoko: “Tangazo langu lina saa maalumu, au litazungushwa popote penye nafasi?” Mara nyingi nafasi ya saa maalumu huwa ghali zaidi, na ile ya kuzungushwa huwa nafuu. Zote mbili ni halali. Ubaya ni kulipia ya kwanza ukapewa ya pili.

‘Saa moja’ ya nani?

Turudi kwa mfugaji wetu aliyesema “saa moja na saa mbili.” Kompyuta hutumia saa 24, ikianza kuhesabu usiku wa manane. Karani mwenye haraka akiandika 01:00 na 02:00, tangazo litasikika saa 7 na saa 8 usiku, wakati wafugaji wote wamelala. Kompyuta haitatoa onyo lolote, kwa sababu kwake hizo ni saa halali kabisa.

Kuibadili saa yetu kuwa ya kompyuta si kazi ngumu. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza sita: saa 1 asubuhi ni 07:00, saa 10 jioni ni 16:00. Kuanzia saa 1 hadi saa 5 usiku, ongeza 18: saa 2 usiku ni 20:00. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, punguza sita: saa 11 alfajiri ni 05:00. Andika zote mbili kwenye oda yako, namna hii: “saa 2 usiku (20:00).” Ukifanya hivyo hakuna atakayedai hakukuelewa.

Jambo la pili ni siku. Mtu wa pwani akisema “usiku wa Ijumaa,” anaweza kuwa na maana ya usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kwenye kompyuta ni Alhamisi hadi ifike saa 6 usiku. Afadhali uandike tarehe.

Na tarehe nazo zina mtego wake. Programu nyingi zimetengenezwa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Kompyuta ambayo haikurekebishwa itasoma 03/05 kuwa Machi 5, wakati wewe ulikusudia Mei 3. Kwa muuza mbegu, tofauti hiyo ni kubwa kama msimu wenyewe: Machi mkulima wa mikoa ya masika anatafuta mbegu, Mei anapalilia. Andika jina la mwezi kwa herufi.

Wapinzani wawili katika pumziko moja

Mwenye duka la pembejeo hapendi tangazo lake lifuatwe papo hapo na la duka la jirani. Programu nyingi za kupanga oda zinaweza kuzuia hilo. Kila tangazo hupewa alama ya aina ya biashara, kisha kompyuta huambiwa isiweke alama mbili zinazofanana kwenye mapumziko yale yale, au iache dakika kadhaa kati yake.

Lakini kinga hiyo hufanya kazi pale tu karani alipoweka alama. Kama wewe umeandikwa “kilimo” na jirani yako ameandikwa “duka,” kompyuta haitajua kwamba mnagombea mteja mmoja. Uliza umeandikwa kundi gani.

Angalia pia urefu. Tangazo lililouzwa kama la sekunde 30 likirekodiwa likafika sekunde 38, litabana mapumziko, na lililo mwishoni huenda likakatwa au kurukwa. Kabla ya kurekodi, soma maneno yako kwa sauti ukiwa na saa mkononi. Usijaze bidhaa zote za dukani katika sekunde 30. Taja bidhaa moja, mahali ulipo na namba ya simu, na namba hiyo irudiwe mara mbili.

Lililopangwa si lazima limerushwa

Hili ndilo jambo ambalo wateja wengi wadogo hawalijui. Kuna orodha ya matangazo yaliyopangwa, na kuna taarifa ya matangazo yaliyorushwa. Si kitu kimoja.

Tuseme mechi imechelewa kwisha na taarifa ya habari ya saa 2 usiku imewekewa saa kamili. Programu inaweza kuagizwa ikate kilichopo na kuanza habari papo hapo, au isubiri kwa muda fulani. Ikikata, matangazo yaliyokuwa kati ya mechi na habari hayasikiki. Au mtangazaji amenogewa na mgeni studio, akaruka mapumziko mazima kwa kubonyeza mara moja. Au umeme umekatika saa 1:10 asubuhi ukarudi saa 2:05. Kompyuta ikiwashwa, fundi huanzia saa iliyopo, na mistari yote ya katikati hubaki bila kuchezwa.

Wakati mwingine kosa ni dogo zaidi. Ratiba imeandikwa vizuri, namba ya tangazo ipo, lakini sauti yenyewe haijaingizwa. Ikifika zamu yake, kompyuta hukuta jalada tupu na kuendelea mbele.

Habari njema ni kwamba kompyuta hutunza kumbukumbu. Programu nyingi, Rivendell ikiwamo, zinaweza kutoa taarifa inayoonyesha kila kilichochezwa na saa kilipoanza, hadi sekunde. Zamani ulilazimika kuamini kalamu ya mtangazaji. Leo unaweza kuomba taarifa hiyo ichapwe kabla hujalipa sehemu ya mwisho ya fedha.

Katika mfano wetu mteja alinunua matangazo 60. Taarifa ikionyesha 48, yamepungua 12, ambayo ni Sh120,000. Ikionyesha yote 60 lakini 20 kati yake yalisikika kati ya saa 7 na saa 9 usiku, hapo napo una hoja kama oda yako ilitaja saa nyingine. Kituo makini hakitakataa. Kitakurushia yaliyopungua bila malipo au kitapunguza deni. Sharti ni kwamba uwe na oda iliyoandikwa, maana bila karatasi huna pa kuanzia.

Usiishie kwenye taarifa ya kompyuta

Hata hivyo, taarifa hiyo ina mpaka wake. Inathibitisha kwamba kompyuta ya studio ilicheza sauti. Haithibitishi kwamba mawimbi yalimfikia msikilizaji. Mtambo wa kurushia, ambao mara nyingi uko mlimani mbali na studio, unaweza kuwa umezimika huku kompyuta ikiendelea kucheza kwa umeme wa betri. Kwenye kumbukumbu kila kitu kitaonekana safi, na redioni kulikuwa na mlio wa upepo tu.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Mwombe ndugu au mteja wako anayeishi eneo unalolilenga asikilize siku mbili tatu na kuandika saa aliyosikia tangazo. Linganisha na taarifa ya kituo. Kama vitabu viwili vinakubaliana, lipa kwa moyo mweupe. Kama havikubaliani, una cha kuuliza.

Njia nyingine ni kumuuliza kila anayepiga simu: “Umesikia wapi habari zetu, na saa ngapi?” Andika kwenye daftari. Baada ya wiki mbili utajua ni saa zipi zinakuletea wateja na zipi zinakula fedha bure. Pengine utagundua kwamba wafugaji wako husikiliza alfajiri wakikamua, si usiku. Matangazo matatu ya saa hiyo yanaweza kukufaa kuliko 10 ya mchana.

Panga tangazo kama unavyopanga shamba

Kwa mwenye vifaranga, tangazo lianze siku saba kabla ya kuangua, si siku ya kuangua, ili wateja waweke oda na kuandaa mabanda. Kwa muuza mbegu, lianze kabla mvua hazijakaribia. Kwa mnunuzi wa mazao, lianze mavuno yanapokaribia na lisimame maghala yakijaa.

Kila mmoja wao aandike tarehe ya mwisho. Tangazo linaloendelea kusikika baada ya bidhaa kwisha ni hasara mara mbili: unakula nafasi uliyolipia, na unamchosha mteja aliyepanda daladala kutoka kijijini kuja kuambiwa “tumemaliza jana.” Huyo hatarudi. Bidhaa ikiisha mapema, piga simu kituoni waambie wasimamishe na wakuwekee siku zilizobaki kwa ajili ya toleo lijalo. Kwenye kompyuta ni suala la kubadili tarehe moja tu. Makubaliano hayo nayo yaandikwe tangu mwanzo.

Mambo ya kuandika kwenye oda

1. Tarehe ya kuanza na ya kumalizia, mwezi ukiandikwa kwa herufi.

2. Saa za kurushwa, kwa saa yetu na kwa saa ya kompyuta.

3. Idadi kwa siku na jumla yake, pamoja na bei ya tangazo moja.

4. Urefu wa tangazo kwa sekunde, baada ya kurekodiwa.

5. Kundi la biashara ulilowekwa, na umbali kati yako na mpinzani.

6. Kituo kitakupa taarifa ya yaliyorushwa, na yatakayopungua yatafidiwa.

7. Malipo kwa awamu, ya mwisho ikitolewa baada ya taarifa hiyo, na risiti halali kila unapolipa.

Ukifika kituoni na karatasi yenye mambo hayo saba, hutaonekana msumbufu. Karani atakushukuru, kwa sababu umempunguzia kazi ya kukisia. Oda isiyoeleweka humletea yeye lawama na wewe hasara.

Mfugaji wetu angeandika “saa 1 usiku (19:00) na saa 2 usiku (20:00), kuanzia siku saba kabla ya Jumatano ya kuangua,” huenda vifaranga wake wangekuwa wameshalipiwa kabla hawajatoka kwenye yai. Kwa kukosa mstari huo mmoja, aliwauza kwa bei ya kutupa.